Plagi za gari: Namna ya kuchagua zinazofaa, na maboresho yanayostahili gharama

WENYE magari wengi humu nchini huzikumbuka plagi siku gari linapokataa kuwaka asubuhi, au linapoanza kutetemeka kwenye msongamano huku taa ya injini ikimulika kwenye dashibodi. Hapo ndipo mtu hukimbilia duka la vipuri, akasimama mbele ya kaunta na kuulizwa swali asilokuwa na jibu lake: unataka plagi za aina gani?

Swali hilo si dogo. Plagi nne hutoshea katika kiganja kimoja, na bei yake ni nafuu ikilinganishwa na vipuri vingine. Hata hivyo, plagi isiyofaa yaweza kutoboa pistoni, kuharibu kichwa cha injini au kuteketeza kifaa cha kusafisha moshi. Gharama ya kurekebisha makosa hayo huzidi bei ya plagi mara nyingi, na kwa mtu ambaye gari ndilo ofisi yake, kila siku ya gereji ni siku bila mapato.

Upande wa pili kuna ahadi za wauzaji. Zipo plagi zinazosifiwa kuwa huongeza nguvu, hupunguza unywaji wa petroli na kulifanya gari la kawaida lishindane na magari makubwa. Makala haya yanaeleza plagi hufanya nini hasa, jinsi ya kuchagua zinazolingana na gari, na ni maboresho gani madogo yanayomfaa mwenye gari ambalo lingali kama lilivyotoka kiwandani.

KAZI YA PLAGI

Katika injini ya petroli, pistoni husindilia mchanganyiko wa hewa na mafuta ndani ya silinda. Wakati huo koili huchukua umeme wa betri, ambao ni takriban volti 12, na kuukuza hadi kufikia volti 10,000, 20,000 au hata zaidi ya 30,000. Umeme huo hushuka katikati ya plagi na kuruka mwanya mdogo ulio kati ya ncha ya kati na ncha ya nje. Cheche inayotokea ndiyo huwasha mchanganyiko, na mlipuko huo ndio huisukuma pistoni.

Utaratibu huu si mgeni. Kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilianza kuuza plagi pamoja na mtambo wa kuzalisha umeme wa volti nyingi mwaka 1902, na umbo la plagi halijabadilika sana tangu siku hizo. Kilichobadilika ni madini yanayotumiwa na muda ambao plagi hudumu.

Kazi yake ni ya kuchosha. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila plagi hutoa cheche 1,500 katika dakika hiyo, yaani 90,000 kwa saa. Katika safari ya saa saba kutoka Nairobi hadi Mombasa kwa mwendo kama huo, plagi moja itakuwa imetoa cheche zaidi ya 600,000.

Kila cheche humega chembe ndogo ya madini. Baada ya maelfu ya kilomita, ncha huwa butu na mwanya hupanuka. Mwanya ukipanuka, koili hulazimika kutoa volti nyingi zaidi ili umeme uweze kuruka. Hatimaye cheche hukosekana mara moja moja, hasa gari linapopanda mlima au likiwa na mzigo. Petroli isiyoungua hupita hadi kwenye bomba la moshi, ikaungulia ndani ya kifaa cha kusafisha moshi na kukiyeyusha kutoka ndani.

Kutokana na maelezo haya, jambo moja linadhihirika: plagi haizalishi nguvu. Nguvu hutokana na hewa na mafuta. Maadamu cheche inatosha kuwasha mchanganyiko kwa wakati ufaao, cheche kubwa zaidi haitaongeza chochote cha maana katika injini ya kawaida. Dereva anayesema kuwa gari lake limekuwa jepesi baada ya kuwekewa plagi mpya hasemi uongo; ila alichopata si nguvu mpya, bali ni ile ambayo plagi kuukuu zilikuwa zimempokonya pole pole bila yeye kutambua.

Ifahamike pia kuwa injini za dizeli, zikiwemo za matatu na pikapu nyingi, hazina plagi za cheche. Plagi zilizomo humo ni za kupasha moto silinda wakati wa kuwasha, na si mada ya makala haya.

VIPIMO VISIVYOPASWA KUBADILISHWA

Plagi zote hufanana kwa macho, lakini hutofautiana kwa mambo matano ambayo mnunuzi hapaswi kuyabahatisha.

La kwanza ni unene wa sehemu yenye meno ya skrubu. Plagi za magari mengi huwa na kipenyo cha milimita 14, ingawa zipo za milimita 12 na 10.

La pili ni urefu wa sehemu hiyo. Urefu wa milimita 19 ni wa kawaida, na injini nyingine za kisasa hutumia milimita 26.5. Plagi ndefu kupita kiasi hujitokeza ndani ya silinda na huenda ikagongwa na pistoni au valvu. Ile fupi huificha cheche ndani ya kichwa cha injini, na meno yanayobaki wazi hujaa masizi hata plagi sahihi ikashindwa kuingia siku ya kurekebisha kosa.

La tatu ni namna plagi inavyokaa. Nyingine hukaa juu ya pete bapa ya madini, ilhali nyingine huwa na kiti cha mteremko kisichohitaji pete. Aina hizi mbili hazibadilishani nafasi.

La nne ni kizuizi cha umeme kilichomo ndani ya plagi, ambacho hutambuliwa kwa herufi R. Kizuizi hicho huzuia cheche isivuruge redio na kompyuta ya gari. Gari la kisasa halifai kuwekewa plagi isiyokuwa nacho.

La tano, ambalo wengi hawalielewi, ni kiwango cha joto. Ncha ya plagi hufaa iwe na joto la takriban nyuzijoto 450 za Selisiasi au zaidi ili iunguze masizi yanayoigandamia. Ikipoa chini ya hapo, masizi huizonga. Ikizidi nyuzijoto 850 hivi, huanza kuwasha petroli kabla cheche haijatoka, na pistoni yaweza kutoboka.

Plagi inayotoa joto lake haraka kuelekea kwenye kichwa cha injini huitwa plagi baridi. Ile inayolihifadhi joto kwa muda mrefu zaidi huitwa plagi moto. Majina haya hayahusiani na ukubwa wa cheche. Gari la mashindano huhitaji plagi baridi kwa sababu injini yake huwa na joto kali muda wote. Gari la kwenda kazini na sokoni likiwekewa plagi hizo litajaa masizi na kukataa kuwaka, licha ya mwenyewe kuamini kuwa amelipa plagi za kispoti.

Hapa pana mtego. Katika plagi za NGK na Denso, namba kubwa humaanisha plagi baridi zaidi. Katika plagi za Bosch na Champion, mambo ni kinyume: namba kubwa humaanisha plagi moto zaidi. Hata NGK na Denso hazitumii namba zilezile. Namba 5 ya NGK hulingana na 16 ya Denso, 6 hulingana na 20, na 7 hulingana na 22. Kwa hivyo anayebadilisha kampuni hana budi kutumia jedwali la ulinganisho lililotolewa na kampuni yenyewe, wala si kukisia kwa kutazama tarakimu.

KUSOMA NAMBA YA PLAGI

Namba iliyoandikwa kwenye kauri nyeupe ya plagi hueleza karibu kila kitu. Mfano mmoja ni BKR5E-11 ya NGK. Herufi B na K huonyesha kipenyo cha milimita 14 na kichwa cha spana ya milimita 16. R ni kizuizi cha umeme. Tarakimu 5 ni kiwango cha joto. E ni urefu wa milimita 19, na 11 ni mwanya wa milimita 1.1.

Mfano wa pili ni K16R-U11 ya Denso. K hujumlisha kipenyo cha milimita 14, urefu wa milimita 19 na spana ya milimita 16. Tarakimu 16 ni kiwango cha joto, R ni kizuizi, U ni mfereji mdogo uliochongwa kwenye ncha ya nje, na 11 ni mwanya wa milimita 1.1. Anayezisoma namba hizi mbili atatambua kuwa, licha ya kutofautiana kwa maandishi, plagi hizo hulingana kwa vipimo.

Namba inayofaa gari fulani hupatikana katika kitabu cha mwongozo. Kwa kuwa magari mengi ya Kenya huingizwa kutoka Japani yakiwa yametumika, kitabu hicho mara nyingi huwa cha Kijapani. Hata hivyo, namba za plagi huandikwa kwa herufi za kawaida na zinaweza kutambulika kwenye kurasa za vipimo.

Kitabu kikikosekana, njia ya uhakika ni kutafuta kwa kutumia namba ya modeli iliyo kwenye kibati ndani ya boneti, wala si kwa jina la gari pekee. Toyota Probox ya kwanza, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 2002, ni mfano mzuri. NCP50 ina injini ya lita 1.3, ilhali NCP51 na NCP55 zina injini ya lita 1.5 ijulikanayo kama 1NZ-FE. Kumwambia mwenye duka kuwa unataka plagi za Probox ni kumwachia nusu ya kazi aikisie.

Vilevile si busara kuchukulia kuwa plagi iliyotolewa kwenye gari ndiyo sahihi. Gari ambalo limepitia mikono mitatu huenda liliwekewa plagi zisizofaa zamani, na kosa likawa linarithishwa kila mara plagi zinapobadilishwa.

NIKELI, PLATINAMU AU IRIDIAMU?

Plagi za bei nafuu huitwa na mafundi wengi plagi za shaba. Kwa hakika shaba imo ndani tu, ikisaidia kupitisha umeme na joto. Ncha yenyewe hutengenezwa kwa mchanganyiko wa nikeli. Nikeli huyeyuka kwenye nyuzijoto 1,455, platinamu kwenye 1,768 na iridiamu kwenye 2,446. Ugumu huo ndio unaowezesha ncha ya iridiamu kuchongwa nyembamba sana, kati ya milimita 0.4 na 0.7, ilhali ile ya nikeli huwa na unene wa takriban milimita 2.5.

Ncha nyembamba ina faida mbili za kweli. Umeme huruka kwa urahisi zaidi, hivyo koili haichoki mapema na gari huwaka vyema hata betri ikiwa dhaifu kidogo. Pili, mwanya hubaki vilevile kwa muda mrefu. Plagi za nikeli kwa kawaida hufaa kubadilishwa kati ya kilomita 20,000 na 40,000, ilhali Toyota imeruhusu plagi za iridiamu katika injini zake kadhaa zitumike hadi kilomita 100,000. Kauli ya mwisho ni ya mwongozo wa gari lenyewe.

Je, tofauti ya bei inafaa kulipwa? Jibu ni hesabu. Iwapo plagi za iridiamu zinauzwa mara tatu ya bei ya zile za nikeli lakini zinadumu mara nne zaidi, basi zilizoonekana ghali ndizo rahisi, na mwenye gari ameepuka kulipa fundi mara tatu. Faida hiyo ni kubwa zaidi kwa injini za silinda sita ambazo fundi hulazimika kufungua mabomba ya hewa ili azifikie plagi za nyuma.

Lakini kwa gari kuukuu ambalo linakula oili, plagi ghali hazina maana. Oili itazichafua kabla hazijafikisha robo ya umri wake. Hapo nikeli inatosha, na fedha zinazobaki ziendee matengenezo ya injini.

Kanuni ya jumla ni hii: ikiwa kiwanda kiliweka nikeli, mwenye gari anaweza kupanda hadi iridiamu alimradi vipimo vyote vitano na mwanya vibaki vilevile. Ikiwa kiwanda kiliweka iridiamu au platinamu, haifai kushuka hadi nikeli na kutarajia zidumu muda uleule.

Kuhusu plagi zenye ncha mbili, tatu au nne za nje, ni vyema ijulikane kuwa cheche huruka kwenye ncha moja tu kwa wakati mmoja. Ncha nyingi husaidia plagi kudumu kwa kuwa uchakavu hugawanywa, lakini hazitoi cheche nne. Zitumiwe tu pale ambapo mtengenezaji wa gari alizikusudia.

JIHADHARI NA BIDHAA GHUSHI

Kwa kuwa plagi zina jina kubwa na umbo dogo, ni rahisi kuigwa. Sheria ya kupambana na bidhaa ghushi ilipitishwa nchini mwaka 2008, lakini mnunuzi ndiye mlinzi wa kwanza wa mfuko wake.

Plagi halisi huwa na maandishi yaliyonyooka ambayo hayafutiki kwa kusuguliwa kwa kidole. Ncha ya nje hukaa sawasawa juu ya ncha ya kati, na pete ya madini haichomoki ovyo. Plagi nne za paketi moja hazipaswi kutofautiana kwa mwanya. Ikiwa paketi inasema iridiamu lakini ncha ya kati ni nene kama ya plagi ya kawaida, hakuna haja ya uchunguzi zaidi.

Bei iliyo chini mno kuliko ya maduka mengine ni onyo, wala si bahati. Ni vyema kununua kwa wakala anayetambulika, kudai risiti yenye namba ya plagi, na kuzifungua paketi palepale kaunta.

PLAGI KUUKUU HUSEMA

Kabla ya kuzitupa plagi kuukuu, fundi mwangalifu huzipanga kwa mfuatano wa silinda na kuzitazama. Rangi zake hueleza hali ya injini.

Ncha yenye rangi ya hudhurungi isiyokolea au kijivu ni dalili ya afya. Masizi meusi makavu huonyesha kuwa mafuta yanazidi hewa, pengine kwa sababu kichujio cha hewa kimeziba, sensa ina hitilafu, au gari huendeshwa safari fupi fupi bila injini kupata moto. Plagi iliyolowa oili nyeusi huashiria kuwa ringi za pistoni au sili za valvu zimechakaa.

Ncha nyeupe kupita kiasi, au yenye vijipu vya kuyeyuka, ni onyo kali. Huenda injini inapata joto kupindukia, mafuta ni machache kuliko hewa, au plagi ni moto kuliko inavyotakiwa. Kuweka plagi mpya na kuendelea na safari ni kuahirisha msiba.

Oili ikionekana nje ya plagi, ndani ya shimo lake, kwa kawaida chanzo ni mpira wa kifuniko cha valvu uliokauka. Hilo ni tatizo dogo, lakini likiachwa huharibu mipira ya koili.

Nao mduara wa hudhurungi kwenye kauri, karibu na chuma, huwatia wengi wasiwasi wa bure. Husababishwa na umeme unaovuta chembe za oili zilizo hewani na si ishara ya kuvuja. Mstari mweusi ulionyooka kutoka juu hadi chini ya kauri ndio wa kuogopwa: umeme umekuwa ukitorokea nje, na mpira wa koili unafaa kubadilishwa pamoja na plagi.

KUZIBADILISHA BILA KUHARIBU

Kazi hii haihitaji ustadi mkubwa, ila subira. Injini sharti iwe imepoa, kwa kuwa kichwa cha alumini kikiwa moto meno yake huharibika kwa urahisi. Vumbi lililo kwenye mashimo lipulizwe kwanza, lisije likaangukia ndani ya silinda.

Plagi itolewe moja baada ya nyingine. Ile mpya iingizwe kwa vidole, au kwa kipande cha mpira wa bomba kilichovishwa juu yake. Ikikataa kuzunguka, itolewe na kuanza upya. Kuilazimisha kwa spana ndiko huvunja meno ya kichwa cha injini.

Plagi mpya ya milimita 14 yenye pete, baada ya kugusa kiti kwa mkono, hukazwa kwa nusu hadi theluthi mbili za mzunguko. Kwa anayetumia spana yenye kipimo, hiyo ni takriban nyutoni-mita 25 hadi 30 katika kichwa cha alumini. Plagi yenye kiti cha mteremko hukazwa kidogo sana, takriban moja ya kumi na sita ya mzunguko. Kampuni ya NGK haishauri meno ya plagi zake yapakwe grisi, kwa kuwa tayari yana utando wa kuzuia kutu na grisi humfanya fundi akaze kupita kiasi.

Mwanya wa plagi za nikeli waweza kupimwa na kurekebishwa kwa uangalifu. Ule wa iridiamu huja umepangwa kiwandani. Kuingiza kifaa cha kupanulia kati ya ncha zake ni kuhatarisha ncha ambayo ni nyembamba kuliko njiti ya kiberiti. Plagi iliyoanguka sakafuni isitumiwe, kwani kauri yake huenda imepasuka mahali pasipoonekana. Na zote zibadilishwe kwa pamoja, wala si ile moja iliyoharibika.

MABORESHO YANAYOFAA

Mwenye gari la kawaida akishaweka plagi zinazofaa, maboresho ya busara ni yale yanayoondoa vikwazo vilivyojitokeza kwa uzee.

Ya kwanza ni koili, au waya za plagi kwa magari yaliyo nazo. Injini kama 1NZ-FE huwa na koili moja juu ya kila plagi. Kompyuta ya gari ikitoa msimbo P0302, humaanisha silinda ya pili haiwaki ipasavyo. Fundi mwerevu huihamisha koili ya silinda hiyo hadi nyingine. Hitilafu ikihama nayo, koili ndiyo mbovu. Ikibaki palepale, tatizo ni plagi au jambo jingine. Jaribio hilo la dakika kumi humwepusha mteja kununua koili nne bila sababu. Taa ya injini inapomulika kwa kuwaka na kuzima, dereva apunguze mwendo na kutafuta msaada, kwa sababu kifaa cha kusafisha moshi kiko hatarini.

Ya pili ni kichujio cha hewa. Katika barabara za vumbi, muda wake huwa mfupi kuliko ulioandikwa katika mwongozo. Kichujio kipya cha karatasi, cha aina ileile ya kiwandani, kinatosha. Vile vya wazi vyenye umbo la pia huvuta hewa ya moto kutoka ndani ya boneti, na vingine hupitisha vumbi zaidi. Vinachoongeza hasa ni kelele.

Ya tatu ni kusafisha mlango wa hewa na sensa ya kupima hewa, kila kimoja kwa dawa yake. Injini iliyokuwa ikizimika kwenye taa za barabarani mara nyingi hutulia baada ya kazi hiyo pekee. Ya nne ni oili ya uzito uliotajwa na mtengenezaji na upepo wa kutosha kwenye magurudumu, ambao hupunguza unywaji wa mafuta kuliko vifaa vingi vinavyouzwa kwa ahadi hiyo. Ya tano ni breki: pedi bora na maji mapya ya breki ni maboresho yatakayohitajika siku moja, na siku hiyo haitangazwi.

YASIYOSTAHILI GHARAMA

Kuhusu nguvu, wakazi wa nyanda za juu wafahamu kuwa hali ya anga ina mchango wake. Jiji la Nairobi liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Huko hewa ni nyepesi, na injini isiyokuwa na turbo hupoteza kati ya asilimia 15 na 20 ya nguvu ambayo ingekuwa nayo Mombasa. Hakuna plagi inayoweza kuirudisha, kwa kuwa kilichopungua ni hewa yenyewe.

Kwa sababu iyo hiyo, petroli ya bei ghali yenye oktani kubwa haina faida kwa injini ambayo haikuundwa kuihitaji. Oktani huzuia mafuta yasilipuke kabla ya wakati. Haiongezi nguvu iliyomo ndani yake. Katika maeneo ya juu, hatari hiyo ya kulipuka mapema huwa ndogo hata zaidi. Magari ambayo mwongozo wake unataja oktani ya juu, hasa yenye turbo, ndiyo pekee yanayopaswa kuitafuta.

Bomba kubwa la moshi katika injini ya lita 1.5, nyaya za ziada za betri na vifaa vya kuchomeka chini ya dashibodi vinavyodaiwa kupunguza unywaji wa mafuta, havibadilishi jambo la maana. Isitoshe, anayefanya mabadiliko makubwa kwenye gari anafaa kuijulisha kampuni yake ya bima mapema, asije akagundua siku ya ajali kuwa mkataba haumlindi.

KABLA YA KULIPA

Kwa muhtasari, anayekwenda dukani aandike mambo manne kwenye karatasi: namba ya modeli ya gari, namba ya injini, namba ya plagi iliyotajwa na mtengenezaji na mwanya wake. Akiambiwa kuwa hiyo haipo lakini kuna nyingine inayofanana, aombe kuonyeshwa jedwali la ulinganisho. Asipoonyeshwa, aende duka jingine.

Baada ya kuziweka, aandike tarehe na kilomita zilizosomeka kwenye dashibodi. Rekodi hiyo fupi ndiyo itakayomwambia wakati wa kuzibadilisha tena, kabla gari halijamwambia lenyewe usiku, njiani, mbali na gereji. Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta; na katika injini ya petroli, ufa huo ni mwanya wa takriban milimita moja.